Nakala Iliyotundikwa Rwamgasa

Shinyanga, Jumapili mchana

Kabula mwanangu,

Kukuuliza hali kungekuwa mchezo, kwa kuwa bado tunaishi chumba kwa chumba na asubuhi hii nimekusikia ukiimba bafuni. Umekwenda Ibadakuli kumuaga bibi yako, nami nimekuja dukani, nimefungua ubao mmoja tu wa mlango ili mwanga uingie, nikakaa nyuma ya kaunta. Mteja mmoja amekwisha kugonga akidhani leo tunauza. Nimempa dawa ya minyoo ya mtoto wake, kisha nimerudi kwenye karatasi hii, na nakiri kwamba nilifurahi kukatizwa.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kuishi na watu wa machimboni. Hayo unayajua, na usiyoyajua mama yako mdogo Limi atakufundisha vizuri kuliko mimi. Nakuandikia kwa sababu ya mzaha wako wa Alhamisi. Ulikuwa unapanga nguo, nikakuuliza cheti chako cha stashahada umekiweka wapi, ukasema, "Usihofu Mama, hicho nitakilalia. Mama Mdogo asije akakipiga fotokopi kama alivyokufanyia wewe." Ukacheka. Nami nikacheka pamoja nawe.

Limi hakuniibia cheti, Kabula. Mimi ndiye niliyekipiga fotokopi, kwenye kile kibanda cha karibu na stendi. Mimi ndiye niliyeipeleka nakala ile kwa fundi ikatiwa kioo na fremu, na mimi ndiye niliyemkabidhi mdogo wangu ikiwa imefungwa ndani ya khanga isivunjike njiani. Habari uliyokua nayo tangu utotoni, ambayo bibi yako anaiamini na ukoo mzima unaijua, ni uongo, na aliyeutunga ni mimi. Nimeyaandika haya mapema kwa makusudi kwa sababu ninajijua. Ningeanza na josho la babu yako, na jioni ingenikuta sijayasema.

Sasa nikueleze kwa utaratibu, ingawa sina hakika kama utaratibu wangu ni wa haki. Anayesimulia peke yake huchagua pa kuanzia.

Babu yako alikuwa mhudumu wa josho la ng'ombe. Dawa ya kupe ilikuja na maandishi madogo kwenye kibandiko, naye hakuwa msomaji. Basi mimi nilisoma kwa sauti na Limi, aliyekuwa mdogo wangu kwa miaka minne, alipima na kumimina. Tulikuwa watoto wawili tuliosimama ukingoni mwa shimo la maji meusi, mmoja akisoma, mwingine akimimina, na baba yetu akituamini wote wawili kwa usawa. Nadhani ushirika wetu ulianzia pale, miaka mingi kabla ya kuwa na duka. Nilipokwenda chuo kikuu kusomea famasia, Limi alikuwa ameishia kidato cha nne na anauza vitenge kwa kutembeza. Nilipohitimu na kurudi, yeye ndiye aliyeipata fremu hii ya duka tunayoitumia hadi leo, yeye ndiye aliyembembeleza mwenye nyumba, na yeye ndiye aliyechora lile bango la Dada Wawili ambalo sikuwahi kupata ujasiri wa kulishusha. Wateja wageni bado huniuliza, "Dada mwingine yuko wapi?" Huwa nasema yuko Geita. Wengine huongeza, "Anakuja lini?" Hapo hujifanya natafuta kitu kwenye rafu ya chini.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba mimi nilijua dawa na Limi alijua watu. Ni sentensi nzuri, na watu huitikia kwa vichwa ninapoitoa. Lakini nikiitazama leo naiona ina hila ndani yake, kwa sababu Limi alijua dawa pia. Alijifunza kwa kusikiliza, kwa kuuliza, kwa kunirudisha nyuma ninapoandika ovyo. Mimi ndiye sikujifunza watu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akitoka kijijini na ng'ombe wake wa mnada, ambaye hakuamini vidonge hata kidogo. Aliingia, Limi akamsalimu "Mwadila, guku," kama tunavyosalimu mababu zetu mchana, naye akaanza:

"Nataka sindano. Hivi vidonge vyenu ni pipi."

"Mume wangu," Limi akamjibu, maana alimtania kama mjukuu anavyomtania babu, "sindano tutakuchoma wapi na makalio yamekwisha? Kwanza rudi nyumbani ule, unenepe, ndipo uje."

Mzee akacheka mpaka akakaa kwenye gunia la jirani. Na katika kucheka akasema, kwa Kisukuma na kwa sauti ya chini, kwamba hali chakula kwa sababu kumeza kunamuuma tangu mwezi uliopita. Mimi nilikuwa nimeshafunga vidonge vyake vya mafua kwenye bahasha. Limi aliniangalia tu. Tukampeleka hospitali siku ile ile, Limi akiwa amemshika mkono. Ningekuwa peke yangu ningemuuzia vile vidonge, na kwa mujibu wa yote niliyosoma nisingekuwa na kosa.

Wazo la Rwamgasa lilikuwa la Limi. Alisema wachimbaji wanasafiri siku nzima kutafuta dawa, na kwamba dawa inapaswa kuwafuata watu waliko. Baba yako alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, wewe ulikuwa darasa la pili, nami nilikuwa nikipita siku zangu kama mtu anayevuka chumba chenye giza huku amenyoosha mikono mbele. Nilikubali bila kufikiri sana. Kibali tulichopata kilikuwa cha duka dogo, linaloruhusiwa kuuza dawa chache za kawaida. Dawa kali zaidi, ambazo watu wa machimbo walizihitaji, zinataka mfamasia awepo dukani kwa mwili wake. Tulikubaliana niwe nakwenda huko wiki moja kila mwezi, na katikati ya safari zangu nakala ya cheti changu ikae ukutani. Limi aliuliza, "Na mkaguzi akija?" Nikamwambia, "Mwambie mfamasia katoka kidogo, kaenda kunywa chai."

Usidhani ulikuwa ubunifu wangu. Utakuta vyeti vingi vikining'inia katika maduka ambayo wenye vyeti hawajawahi kuyakanyaga. Wenzangu wa chuo walifanya hivyo na walikuwa watu wema, wenye familia, wanaosali. Ndiyo sababu ilikuwa rahisi. Kosa linalofanywa na watu wengi wenye adabu halina harufu.

Sikwenda Rwamgasa. Mwezi wa kwanza wewe ulikuwa na surua, ukalala kitandani na macho mekundu. Mwezi wa pili kulikuwa na mzigo wa kupokea. Baada ya hapo hata sababu sikuzitafuta tena. Limi alikuwa akinipigia simu na kunitania, "Dada, chai gani hiyo isiyokwisha? Utatoka kidogo mpaka lini?" Tulicheka sana. Ulikuwa ni mzaha wetu, na nilichelewa kutambua kwamba kila alipoutoa, alikuwa ananiomba.

Alinipigia kwa ajili ya wagonjwa pia. Alinieleza, nikajibu, akatoa dawa. Ninaikumbuka simu moja neno kwa neno. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, watu wanne walikuwa wamesimama hapa mbele yangu.

"Dada, kuna mama mmoja hapa, Mama Shija. Mikono inamtetemeka. Uzi hauingii kwenye sindano."

"Anakunywa gongo?"

"Dada! Huyu ni Msabato. Hata majani ya chai hayaingii nyumbani kwake."

"Mwangalie vizuri. Si kila Msabato ni Msabato."

"Nimemwangalia. Na fizi zimevimba. Na usiku halali. Mume wake anasema siku hizi wageni wakija anajificha chumbani, anaona haya. Njoo umwone wewe."

"Nitakuja mwezi ujao. Mpe vitamini, apumzike. Hayo ni mawazo."

"Mawazo yanavimbisha fizi?"

"Limi, nina watu hapa."

Akasema, "Haya, Dada." Akampa vitamini.

Wewe umesoma, Kabula. Najua umeshaifahamu ile mikono kabla hujafika mwisho wa mazungumzo. Mimi pia nilikuwa nimesoma. Chuoni niliandika insha juu ya sumu ya zebaki na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Fizi, mikono, usingizi, ile haya isiyo na sababu, yote yalikuwa katika insha yangu. Kitu ambacho sikukifanya ni kuuliza swali moja, swali ambalo hata mtu asiyesoma huliuliza anapokutana na mgeni: huyo mama anafanya kazi gani? Limi angenijibu mara moja. Mama Shija alikuwa akiosha mchanga wa dhahabu, akiishika dhahabu kwa zebaki, kisha akiichoma ile zebaki jikoni kwake, kwenye moto ule ule aliopikia ugali, mlango ukiwa umefungwa ili watu wasijue amepata nini. Rwamgasa nzima ilijua. Limi alijua. Hakujua tu kwamba jambo lile lilihusiana na mikono, na mimi niliyejua uhusiano huo sikujua kuhusu jiko. Maarifa yote yaliyohitajika yalikuwepo kwenye ile simu, nusu upande wake na nusu upande wangu, nami nikaikata.

Ningependa kusema kwamba swali lile lingemwokoa. Sijui. Huenda alikuwa ameshaumia kiasi cha kutorudi. Huenda angeendelea kuchoma hata kama tungemkataza, kwa sababu watoto walikuwa wanakula kutokana na moto ule. Lakini nimeitumia shaka hii vibaya kwa miaka mingi, nikikaa chini yake kama mtu aliyepata kivuli. Shaka ya kweli ingenifanya niende kumtazama.

Miezi ilipita, kaka zake wakamchukua hadi hospitali kubwa Mwanza. Huko waliuliza lile swali. Walipouliza pia alikuwa akitumia dawa gani, ndugu wakataja duka la Limi, na malalamiko yakafika wilayani. Mkaguzi akaenda Rwamgasa. Akakuta dawa zisizoruhusiwa, akakuta jina langu ukutani ndani ya fremu, akauliza mfamasia yuko wapi. Limi hakusema nimetoka kidogo. Alimpa namba yangu ya simu. Nadhani aliamini kwamba kwa siku hiyo moja nitakuwepo.

Mkaguzi alinipigia akiwa dukani kwake, na aliweka simu kwa sauti kubwa. Nilijua hivyo kwa sababu nilisikia mlio wa mashine za kusagia mawe zilizo nje, mlio niliouzoea katika kila simu ya Limi. Alikuwa mtu mpole. Aliniita "mama". Akauliza, "Je, mama, wewe ndiye msimamizi wa duka hili?"

Ulikuwa umekaa hapa dukani kwangu kwenye kigoda, sare ya shule ikiwa na doa la wino, ukipanga kopo tupu juu ya kopo tupu. Nilikutazama. Nikasema, "Hapana. Sijui cheti changu kimefikaje huko."

Mashine ziliendelea kusaga. Kisha nikasikia sauti ya mdogo wangu, karibu sana na simu, isiyo na hasira yoyote: "Ni kweli. Nilichukua mwenyewe. Dada hajui."

Ni sentensi tatu fupi, na ndizo ambazo tumeishi kwazo, wewe na mimi. Kwa ajili ya hizo nilibaki na leseni, duka likabaki wazi, ukasoma. Limi alifungiwa duka, akalala mahabusu siku mbili, akakatazwa kuuza dawa. Waliokwenda kumdhamini ni majirani zake wa Rwamgasa. Mimi sikwenda, kwa kuwa mtu aliyeibiwa haendi kumdhamini mwizi wake, na mimi nilikuwa nimeshachagua kuwa mtu aliyeibiwa.

Nimejieleza mara nyingi kwamba nilisema vile kwa ajili yako. Ulikuwa huna baba, na kama leseni ingekwenda tungebaki na nini? Maelezo haya yana ukweli ndani yake, lakini siyaamini yote. Nilipokutazama kwenye kile kigoda, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Huenda nilitamka kwanza, kisha nikakutafuta wewe uwe sababu. Kama ni hivyo, basi nimekubebesha kitu tangu ukiwa na miaka minane bila kukuomba ruhusa, nami naomba ukitue hapa. Haikuwa kwa sababu yako. Nilikuwa nimeogopa.

Nilidhani uongo ule ungeishia kwa mkaguzi. Wiki ile ile bibi yako alikuja hapa akiwa ameshasikia habari kutoka kwa watu wa mnadani. Akasimama mlangoni, akauliza, "Ni kweli alikuibia?" Ilikuwa ni nafasi yangu. Hakukuwa na mkaguzi wala leseni. Alikuwepo mama yangu tu, na khanga yake imejaa vumbi la barabara. Nikasema, "Ni kweli, mayu." Siku hiyo ndiyo ninayoiona kuwa mbaya kuliko ile ya simu. Siku ya simu niliogopa. Siku ya mama yangu sikuogopa kitu. Nilikuwa ninalinda tu maneno yangu ya kwanza yasionekane ya uongo.

Bibi yako alimkataza Limi kulala nyumbani kwake Ibadakuli. Labda umewahi kushangaa kwa nini mama yako mdogo, akija misibani, hurudi siku hiyo hiyo hata jua likiwa limezama. Hana kitanda katika nyumba aliyozaliwa. Alihamia Kagongwa, akauza mchele sokoni kwa miaka, na kesho basi lako litakapopita pale utaona magunia kando ya barabara. Alikuwa mmoja wa wale wanawake. Adhabu yake ilipokwisha alijilipia mafunzo ya wauza dawa, akafaulu, akapata kibali chake mwenyewe. Akarudi kufungua Rwamgasa, mahali pale pale. Hakwenda mji mwingine ambako hajulikani. Hilo nimelifikiria sana.

Tukikutana misibani hunisalimu, "Shikamoo, Dada." Naitika, "Marahaba." Hajawahi kuikosa. Kila mara nasubiri siku ambayo atanipita bila salamu, nadhani siku hiyo ningepumzika. Ninaishi katika mji niliozaliwa, najua majina ya watoto wa wateja wangu, na kwa miaka hii yote sina mtu wa kuzungumza naye isipokuwa kwa sehemu. Kila rafiki niliyempata nilimpa ile habari ya kuibiwa, na tangu nimpe sikuweza tena kuwa karibu naye. Aliyekuwa ananijua aliondoka na sentensi tatu.

Kwa nini alisema vile? Zamani niliita upendo. Baadaye nikafikiri alipiga hesabu, kwamba heri mmoja wetu abaki amesimama. Siku nyingine nafikiri ilikuwa dharau, kwamba aliniona jinsi nilivyo akaona sistahili hata kubishiwa. Sijawahi kumuuliza, kwa hiyo hakuna ninachojua. Nakusihi usimuulize kwa niaba yangu. Hilo ni swali langu.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna anayelijua. Nilikwenda Rwamgasa mara moja, ulipokuwa kidato cha pili. Nilikuaga kwamba nina semina Geita. Limi alikuwa bado Kagongwa. Duka lake la zamani lilikuwa limekuwa kibanda cha kutuma fedha kwa simu, na ukutani kulikuwa na alama ya mraba, nyeupe kuliko rangi iliyoizunguka. Niliuliza watu nyumbani kwa Mama Shija ni wapi, wakanipeleka.

Alikuwa amekaa barazani. Mkwe wake, mwanamke wa makamo, alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Aliniuliza, "Wewe ni wa nani?" Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini macho yake yalikuwa makali.

"Mimi ni dada yake Limi."

"Yule wa cheti?"

"Ndiyo."

Akanitazama, mikono yake ikiruka mapajani kama ya mtu anayepepeta. "Limi alikuwa anatuambia unakuja," akasema. "Kila nikienda, Limi anasema, dada yangu anakuja, subiri, dada yangu anakuja atakuona. Nikawa nasubiri."

Mkwe wake akaongeza, bila ubaya, "Karibu basi. Umefika."

Nikasema pole. Nilikaa nao kama nusu saa, nikaulizia watoto, nikaacha sukari na sabuni kama mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa. Sikuwaambia kilichotokea kwenye ile simu. Nilirudi Shinyanga nikakuta umepika, ukaniuliza semina ilikuwaje. Nikasema ilikuwa nzuri. Mama Shija amefariki sasa. Habari za msiba wake nilizisikia kwa mteja.

Unaniuliza, kimoyomoyo, nimejifunza nini. Sina hakika kama nimejifunza au nimechoka tu, na kwa mbali vitu hivi viwili hufanana. Ninaweza kukwambia ninavyofanya siku hizi. Mtu akija kunieleza ugonjwa wa mtu mwingine, namsikiliza kisha namwambia aende akamlete. Wananiona mgumu. Wengine huenda kwa jirani anayeuza bila maswali. Lakini mgonjwa anayeelezwa na mwingine ni habari tu, na habari ni rahisi kuijibu. Nina wasiwasi kwamba kwa ukali wangu huu pia nimewaumiza watu, mama aliyetoka mbali ambaye hakuweza kurudi na mtoto. Huenda nimehama kutoka kosa moja hadi kosa la upande wa pili. Utakapokuwa huko utaona mwenyewe, na huenda ukapata njia ya katikati ambayo mimi sikuipata.

Na utakapokuwa hujui, sema hujui siku ile ile. Mimi nimeona kwamba neno hilo likicheleweshwa huwa haliwezekani tena, kwa sababu watu wanakuwa wameshajenga juu ya jibu lako.

Ulipokuja kuniambia kwamba Limi anakuhitaji, ulinieleza maneno yake: anataka mtu ambaye cheti chake kitakuwa ukutani na mwenyewe awe amesimama chini yake. Ulidhani ni kijembe kwangu, ukakasirika kwa niaba yangu, na ukaniuliza kama ukatae. Nilisema uende. Naona sasa kwamba miaka hii yote Limi angeweza kukwambia ukweli kwa sentensi moja, na hakutaka kukutenganisha nami. Unakwenda kuishi na mtu wa namna hiyo ukiwa umebeba moyoni picha ya mwizi. Utafunga droo. Utahesabu funguo. Atakuona ukifanya hivyo na atanyamaza, kama alivyonyamaza kwangu. Hilo siwezi kuliruhusu, hata kama gharama yake ni wewe.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika Rwamgasa. Ungeisoma usiku wa kwanza, ungelia au ungekasirika, nami ningekuwa hapa, mbali, nikiisubiri simu yako na kuchagua maneno. Nimeandika kurasa kadhaa kabla ya kutambua ninachokifanya. Basi nitakupa mkononi kesho. Basi lako linaondoka saa mbili. Nitakuamsha saa kumi na moja ili muda utoshe. Usome mezani, mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Uliza chochote. Ukitaka kuondoka bila kuuliza, au ukitaka mtu mwingine akusindikize stendi, sitakuzuia na sitakulaumu.

Kwa hali yoyote, utakapokuwa umeondoka nitapanda pikipiki kwenda Ibadakuli kwa bibi yako. Mtoto wake anapaswa kuwa na kitanda kabla yule mzee hajafumba macho. Baada ya hapo nitaandika kwa wale wanaotoa leseni. Sijui watasemaje, wala kama hapa mtu atanunua kwangu tena, wala kama Limi atataka jambo hili lifukuliwe. Huenda akaniambia kwamba nimejitua mimi tu mzigo na kumtwika yeye habari mpya. Kama atasema hivyo, huenda atakuwa sahihi.

Jambo moja la mwisho, la kukusaidia kunisoma kesho. Nikiwa mbele yako huenda nikaonekana mtulivu, sauti yangu ikawa ile ile unayoijua. Umeizoea sauti hiyo tangu utotoni, na umekuwa ukiichukua kwamba mama ana uhakika. Limi pia aliichukua hivyo, kwenye simu, akafungua kopo la vitamini. Nina hofu, Kabula. Naiandika hapa ili nisiweze kuikana asubuhi.

Mama yako,
Nyanjige